Wino wa Printa ya Picha: Piga Hesabu kwa Picha Moja

Ukiingia duka la vifaa vya printa pale Kariakoo ukauliza wino wa Epson L805, swali la kwanza utakalorudishiwa ni fupi: "Orijino au ya kawaida, bosi?" Kisha zinawekwa kaunta chupa mbili zinazolingana kimo, kila moja mililita 70, na bei ya moja inaweza kuwa mara mbili au tatu ya mwenzake. Luthuli Avenue ya Nairobi na Nasser Road ya Kampala utakuta biashara ni ile ile. Na kwa sababu studio ya picha huishi kwa faida ndogondogo, mkono wa wengi huenda kwenye chupa ya bei nafuu.

Mara nyingine huo ni uamuzi sahihi kabisa. Mara nyingine ndio mwanzo wa picha za harusi kupauka ukutani kwa watu kabla mtoto wao wa kwanza hajaanza kutembea. Tofauti inatokana na vitu vitatu ambavyo muuzaji hawezi kukujulia: unachapa picha ngapi kwa mwezi, picha hizo zinakwenda kukaa wapi, na printa yako imejengwaje. Nitaviangalia vyote, lakini tuanze na fedha, maana hapo ndipo watu wengi wanapohesabu vibaya.

Bei ya chupa peke yake haikuambii kitu. Kinachotakiwa ni bei ya picha moja. Epson inakadiria kwamba seti ya chupa sita za L805 (wino wa namba 673) inatoa hadi picha 1,800 za sentimita 10 kwa 15. Chupa sita za mililita 70 ni mililita 420. Gawanya, utapata kama mililita 0.23 kwa picha moja. Karatasi ya A4 ni kubwa zaidi ya mara nne ya picha hiyo, hivyo picha ya A4 iliyojaa rangi inakula karibu mililita moja. Hayo ni makadirio ya kampuni kwa picha zake za majaribio. Picha ya usiku yenye giza tele itakula zaidi, na ya mtoto aliyevaa nyeupe juu ya shuka jeupe itakula kidogo. Hata hivyo, kama kipimo cha kulinganishia yanatosha.

Sasa weka bei. Nitatumia za mfano, nawe uweke ulizoambiwa dukani kwako, kwa fedha ya kwenu. Tuseme chupa orijino ni shilingi 36,000 na ya kampuni nyingine ni 12,000. Seti ya orijino ni 216,000. Ukigawanya kwa picha 1,800, wino wa picha moja ni shilingi 120. Seti ya nafuu ni 72,000, yaani shilingi 40 kwa picha. Karatasi nzuri ya picha ya ukubwa huo tuiweke shilingi 150. Picha ya wino orijino imegharimu 270, ya wino nafuu 190.

Itazame vizuri tofauti hiyo. Dukani ulikuwa unaona 24,000 kwa kila chupa, na moyo ulishtuka. Kwenye picha ni shilingi 80. Kwenye karatasi ya pasipoti, ambayo inabeba vipicha vinane vya milimita 35 kwa 45 ndani ya 10 kwa 15, ni shilingi 10 kwa kipicha. Kwenye picha ya A4 ya kuwekwa fremu ni kama shilingi 330, na fremu yenyewe inagharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Kwa upande wa pili, shilingi 80 mara picha 1,800 ni 144,000. Kwa kibanda cha pasipoti kilicho jirani na ofisi za serikali, kinachomaliza seti ya wino haraka na kurudi dukani tena na tena, hizo ni fedha za kodi ya duka. Kwa studio ya mtaani inayochapa picha chache kwa siku, inaweza kuchukua mwaka mzima kuziona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kawaida wa mafundi. Wao husema mwenye mtaji mdogo anunue wino nafuu, na orijino waachiwe wenye studio kubwa. Mimi nasema kinyume chake. Wino nafuu unamlipa anayechapa nyingi. Anayechapa kidogo anabeba hatari yote na faida haimfikii. Chukulia kwamba hedi, yaani kichwa cha printa kinachotoa matone ya wino, ikifa, kifaa na ufundi vitakula shilingi 300,000. Kwa akiba ya shilingi 80 kwa picha, itabidi uchape picha 3,750 ndipo akiba irudishe gharama ya hedi moja. Kibanda cha pasipoti kitafika huko na kupita. Mama mwenye studio ya kijijini, anayefungua printa siku za sherehe tu, hatafika, na wino wake ndio unaokaa muda mrefu kwenye mirija ukisubiri kazi na kukauka.

Suala la hedi lina tofauti kubwa kati ya printa na printa, na ni ajabu jinsi lisivyoulizwa dukani. Epson hutumia hedi ya piezo: kipande kidogo kinachojikunja kwa umeme na kusukuma tone la wino. Hedi hiyo imefungwa ndani ya printa na imekusudiwa kudumu na printa. Canon na HP hutumia joto: kinyuzi kinapata moto, kipovu kinatokea na kulisukuma tone nje. Katika printa ndogo nyingi za HP, na zile za Canon zenye katriji mbili tu, nyeusi moja na ya rangi tatu moja, hedi imo kwenye katriji yenyewe. Ukinunua katriji mpya umenunua na hedi mpya. Ndiyo maana mafundi wa mtaani huzijaza kwa sindano bila hofu: katriji ikiziba au hedi yake ikiungua, unaitupa na kuanza upya, na printa haijaguswa. Kosa lile lile la wino likifanyika kwenye L805 linakaa ndani ya printa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya wino, jua hedi yako iko wapi. Kama imo kwenye katriji, jaribu unachotaka. Kama imo kwenye printa, kila tone unalomimina linapita kwenye kifaa ambacho aghalabu ndicho ghali kuliko vyote ndani ya mashine hiyo.

Hizo katriji ndogo za rangi tatu, kwa kazi ya picha, sizipendekezi kwa mtu yeyote. Nyingi zina mililita chache mno. Chukua yenye mililita 5 kwa bei ya mfano ya shilingi 45,000: kila mililita ni 9,000. Kwenye chupa orijino ya juu, mililita ni kama 514. Picha ya 10 kwa 15 iliyokuwa inakula wino wa shilingi 120 sasa inakula wa shilingi 2,100, kabla ya karatasi. Tena rangi tatu zimo kwenye boksi moja: njano ikiisha, samawati na majenta zilizobaki unazitupa pamoja nayo, usipokuwa na sindano. Printa zenyewe huuzwa kwa bei ndogo ya kuvutia, kwa kuwa kampuni inarudisha fedha yake kwenye wino. Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi nayo isikuchanganye. Kurasa hizo kwa kawaida hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24711, kinachotumia nyaraka za A4 zenye maandishi na michoro, na karatasi hizo zina nafasi nyeupe nyingi. Picha zina kiwango chake, ISO/IEC 29102. Ukiona "kurasa 200" kwenye katriji, usitarajie picha 200.

Mfumo wa tanki, huu wa kumimina wino kwa chupa, ulianza kwa wateja walioichoka biashara ya katriji. Katika nchi nyingi, Asia hasa, mafundi walitoboa katriji, wakapitisha mirija na kuiunganisha na chupa zilizofungwa ubavuni mwa printa. Oktoba 2010 Epson ikaanza kuuza Indonesia printa zake za kwanza zenye matanki ya kiwandani, L100 na L200. Printa ikawa ghali zaidi, wino ukashuka bei sana. Mtu anayepanga kufungua studio leo na kujiuliza kati ya printa nafuu ya katriji na printa ghali ya tanki, jibu langu ni tanki, hata kama itabidi asubiri miezi miwili kuongeza fedha.

Kuna njia ya tatu ambayo huku kwetu haijazoeleka sana nje ya matukio na vibanda vya papo kwa papo: printa zinazohamisha rangi kwa joto kutoka kwenye utepe, kama Canon SELPHY. Ndani hamna wino wa maji. Karatasi inapita mara nne kwenye utepe, njano, majenta, samawati, halafu utando mwembamba wa kinga. Pakiti inauzwa pamoja na karatasi zake. Iliyo maarufu ina karatasi 108 na utepe wa kutosha karatasi hizo hizo. Hesabu yake haihitaji kalamu: gawanya bei ya pakiti kwa 108. Pakiti ikiwa 108,000, picha ni shilingi 1,000, na itabaki hivyo iwe ya usiku au ya mchana. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ile 270 ya tanki. Lakini hakuna hedi ya kuziba, hakuna wino wa kukauka ukifunga duka mwezi mzima, na picha inatoka kavu, ikistahimili vidole na matone ya maji. Kwa yule mama wa studio ya kijijini niliyemtaja, au kwa familia inayochapa picha za sikukuu na za mahafali tu, naiona ni chaguo la busara kuliko tanki lolote. Udhaifu wake ni ukubwa: SELPHY haikupi A4.

Turudi kwenye chupa. Kilichomo ndani ni muhimu kuliko jina lililo nje, na dukani kuna aina tatu ambazo kwa macho zinafanana.

Ya kwanza ni wino wa dai, ambao rangi yake imeyeyuka kabisa ndani ya maji. Unazama kwenye karatasi, unang'aa, rangi zinachangamka. Wino wa 673 ni wa aina hii. Ya pili ni pigmenti, ambayo rangi yake ni chembe ndogo sana zinazoelea na kubaki karibu na uso wa karatasi. Hudumu zaidi kwenye mwanga na hewa, ndiyo maana printa za wapigapicha wa maonyesho, kama Epson P700 na P900 au Canon PRO-300, hutumia pigmenti ya rangi nyingi. Usiimimine kwenye printa iliyotengenezewa dai eti kwa kuwa inadumu. Hedi na karatasi za kung'aa za bei ndogo hazikuandaliwa kwa ajili yake, na chembe zinaweza kukuzibia tundu moja baada ya jingine.

Ya tatu ndiyo inayoleta maafa: wino wa sablimesheni, wa kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana kwa joto. L805 inapendwa sana kwa kazi hiyo, hivyo wino huo unauzwa kwenye rafu zile zile, mara nyingine kwa chupa za umbo lile lile. Ukichapa nao kwenye karatasi ya picha, rangi zinatoka zimefifia na zenye tope, kwa sababu zinasubiri joto ndipo ziamke. Ukinunua L805 iliyotumika, swali la kwanza kwa muuzaji liwe, "Kaka, hii ilikuwa inachapa picha au vikombe?" Na usiishie kwenye jibu; chapa picha ya uso wa mtu papo hapo.

Kuhusu kudumu, nataka nikae kidogo, maana ndilo jambo ambalo mteja halioni siku anapolipa. Rangi za dai huvunjwa na mwanga, na pia na ozoni iliyomo hewani. Mwaka 2000 Epson ilitoa printa za Stylus Photo 870 na 1270 zikisifiwa kwa kudumu kwa picha zake. Haikupita muda, baadhi ya wanunuzi wakaona picha zao zinageuka rangi ya chungwa, nyingine ndani ya wiki chache, hata zilizokuwa mbali na jua. Ozoni ilikuwa inaila samawati na kuacha nyekundu na njano. Wino ulikuwa orijino, karatasi ilikuwa orijino, na bado ilitokea. Tangu hapo watengenezaji wakubwa wamefanya kazi kubwa kwenye wino na karatasi zao, na kuna maabara huru inayopima mambo haya, Wilhelm Imaging Research ya Iowa, Marekani, ambayo imekuwa ikichapisha matokeo ya jozi za wino na karatasi.

Neno la kushika hapo ni jozi. Wino haupimwi peke yake. Karatasi ya kung'aa ya bei ndogo, iliyopakwa tabaka moja juu ya karatasi ya kawaida, inaweza kuufanya hata wino bora upauke mapema. Ile yenye utando wa plastiki pande zote mbili na tabaka lenye vitundu vidogo juu inakauka haraka na kushikilia rangi vizuri, ingawa vitundu hivyo hivyo vinaruhusu hewa kuifikia rangi, ndiyo maana kioo cha fremu kinasaidia. Gramu zilizoandikwa kwenye pakiti, 180 au 230 au 260, zinakueleza uzito wa karatasi tu. Karatasi nzito inaweza kuwa mbovu. Nikiwa na shilingi mia moja ya ziada kwa kila picha, karibu siku zote ningeiweka kwenye karatasi kwanza kabla ya kuiweka kwenye wino.

Chupa ya wino usio na jina haina matokeo ya maabara yoyote. Lakini kipimo unaweza kukifanya mwenyewe bila gharama. Chapa picha moja yenye uso wa mtu, anga na nguo nyeusi. Ikate katikati kutoka juu hadi chini. Nusu moja itie ndani ya bahasha, bahasha uiweke katikati ya kitabu kinene kabatini. Nusu nyingine ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, uso wa picha ukielekea nje. Andika tarehe, jina la wino na jina la karatasi nyuma ya kila nusu. Wiki nne baadaye ziunganishe tena juu ya meza, mchana, karibu na mlango. Mahali pa mkato patakuambia kila kitu. Kama mstari hauonekani sana, wino huo na karatasi hiyo vinafaa kwa kazi ya ukutani. Kama shavu la kulia limekuwa la kijani na la kushoto limebaki lilivyokuwa, umeokoa jina lako kwa gharama ya karatasi moja. Wenye studio za Tanga, Mombasa na Unguja wafanye na jaribio la pili, la kubandika picha ukutani pasipo kioo kwenye chumba chenye hewa ya baharini, maana unyevu nao una kazi yake: rangi za dai zinaweza kusambaa taratibu na kingo za herufi na nywele zikapoteza ukali.

Rangi ya ngozi ndiyo inayotofautisha wino mzuri na mbaya hata kabla ya kupauka. L805 ina rangi sita: nyeusi, samawati, majenta, njano, na mbili nyepesi zenye herufi LC na LM kwenye chupa, yaani samawati nyepesi na majenta nyepesi. Hizo nyepesi ndizo zinazojenga mabadiliko laini ya uso, kutoka kwenye paji lenye mwanga hadi kivuli cha chini ya kidevu. Programu ya printa inajua ni matone mangapi ya kila rangi yatoe kwa kudhani kwamba ndani kuna wino wa kampuni. Ukiweka majenta nyepesi iliyo nzito kidogo kuliko ile iliyokusudiwa, nyuso zote zinakuwa nyekundu. Ikiwa hafifu, zinakuwa za kijani. Kwenye ngozi nyeusi kosa hilo linaonekana upesi hasa kwenye mng'ao wa shavu na paji, na hakuna bibi harusi atakayelikubali. Nguo nyeusi nayo ni kipimo: suti ya bwana harusi iliyotoka nyeusi kabisa chini ya jua inaweza kuonekana ya kahawia chini ya taa ya sebuleni.

Canon walichukua njia nyingine kwenye printa zao za tanki za picha, G540 na G640: nazo zina rangi sita, ila mahali pa zile nyepesi mbili wameweka nyekundu na kijivu. Usidhani basi kwamba wino "wa rangi sita" unaingia popote. Hata ndani ya Epson, L8050, iliyokuja baada ya L805, inatumia chupa za namba nyingine. Soma namba kwenye printa, soma namba kwenye chupa, zilingane.

Wino wa kampuni nyingine si kitu kimoja. Upo uliotengenezwa na kampuni inayojitaja, yenye jina lake kwenye lebo, inayosema wazi kuwa wino huu unafaa kwa printa fulani. Huo ni bidhaa halali, na baadhi yake ni mzuri kweli. Halafu upo wa chupa isiyo na jina, unaojazwa kutoka kwenye dumu. Na upo wa tatu, uliovaa nembo ya kampuni kubwa ilhali haukutoka huko. Huo wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa unalipia bei ya orijino na kupata wino wa dumu. Sheria inaukataza: Tanzania suala hilo liko chini ya Tume ya Ushindani kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Kenya wana mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa bandia iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Chupa ya orijino inayouzwa karibu na bei ya ile ya kawaida inapaswa kukutia shaka mara moja. Tazama kifuniko kama kimewahi kufunguliwa, tazama maandishi ya lebo kama yana ukungu, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji anayekataa kukupa risiti kwa chupa ya shilingi 36,000 amekueleza anachokijua kuhusu chupa hiyo.

Wenye katriji zenye chipu wana tatizo jingine. Septemba 2016 printa nyingi za HP zilianza ghafla kukataa katriji za kampuni nyingine ambazo siku moja nyuma zilikuwa zikifanya kazi. Kilichobadilika ni programu ya ndani ya printa. HP iliomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini ya euro milioni 10 kwa suala la kutowajulisha wateja vizuizi hivyo. Vizuizi vyenyewe havijaondoka. Kwa mwenye printa ya namna hiyo anayetumia katriji za kampuni nyingine, jambo la kwanza ni kuzima usasishaji wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya printa. Haki ya kujaza katriji tupu na kuiuza tena ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2017, katika kesi ya Lexmark na Impression Products, iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza yake kumzuia mnunuzi kuijaza. Uamuzi huo ni wa huko, na hauifungui chipu. Printa za chupa kama L805 hazikupi usumbufu huo wa chipu, na kwangu hiyo ni sababu nyingine ya kuzipendelea.

Kuna wino ambao hauingii kwenye hesabu ya mtu yeyote, ule unaomwagika ndani ya printa. Kila unapoagiza kusafisha hedi, wino unafyonzwa na kutupwa kwenye sponji la taka lililo chini. Ukisafisha mara tano asubuhi kwa sababu mstari mmoja umekatika, umetupa wino wa picha nyingi, na umelisogeza sponji karibu na siku ambayo printa itagoma na kudai huduma. Chapa karatasi ya kukagua tundu kwanza. Safisha mara moja, kagua, na kama bado, iache printa ipumzike saa kadhaa kabla ya kurudia. Na izime kwa kitufe chake, usichomoe ukutani. Ikizimwa kwa kitufe, hedi inarudi kwenye kifuniko chake na kubaki na unyevu; umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi na wino unaanza kukaukia kwenye tundu. Mahali ambapo umeme unakatika mara kwa mara, UPS ndogo inaokoa wino zaidi ya punguzo lolote la dukani. Ninasema hivi kwa wenye wino orijino na wa kawaida sawasawa.

Basi mimi ningenunua nini? Kwa kibanda cha pasipoti na vitambulisho, ambako kipicha kinagundishwa kwenye fomu na fomu inaingia kwenye faili gizani, ningenunua wino wa kampuni nyingine yenye jina, ule ule kila mara, na akiba ningeiweka pembeni kwa ajili ya hedi. Kwa studio ya harusi na picha za familia, orijino pamoja na karatasi nzuri, na zile shilingi 80 ningeziongeza kwenye bei ya picha nikimweleza mteja kwa nini. Anayefanya kazi zote mbili na ana uwezo, awe na printa mbili, moja kwa kila wino. Kubadilishana wino ndani ya printa moja kunakula akiba yote. Wa nyumbani mwenye picha chache, SELPHY, au azitie kwenye flashi na kuzipeleka kwa studio anayoiamini. Anayeuza picha kubwa za maonyesho kwa wageni Unguja au Nairobi, pigmenti, na bei ya kazi yake iwe ya pigmenti.

Ukishachagua, usinunue seti nzima kila mara. Kwenye printa ya rangi sita, LC na LM ndizo huwa zinakimbia mbele ya nyingine, na wauzaji wanapenda kukufungia seti ya sita wakati tanki lako la nyeusi limejaa nusu. Nunua mbili za LC, mbili za LM, za nyingine moja moja kila inapokaribia kuisha, na usijaze kabati. Chupa ikishafunguliwa imalizike ndani ya miezi michache.

Na kama umeamua kuhama kutoka wino mmoja kwenda mwingine, usiujazie mpya juu ya ule wa zamani. Chapa mpaka matanki yashuke karibu na mstari wa chini, bila kuyaacha yakauke, toa mabaki kwa sindano, ndipo umimine mpya. Picha za mwanzo zitatoka na rangi za mchanganyiko kwa kuwa mirija bado ina wino wa zamani, kwa hiyo siku hiyo usipokee kazi ya mteja. Chapa za kwako, zenye nyuso, hadi picha mbili zinazofuatana zitoke sawa.